Tuliwapa jembe, tukawanyima kipande: Funzo la Kwale na Kilifi kwa ndugu zetu wa Butula

Waswahili tuna methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twaitumia kumhimiza mgeni asikae bure akingojea kupakuliwa. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao hatuusemi. Ukishampa mtu jembe, si mgeni tena. Amekuwa mwenzako wa shamba, na mwenzako wa shamba ana haki zake.

Sisi wa Pwani tuliishika nusu moja ya methali na kuiacha ya pili kwa miaka mingi mno. Wamakonde walianza kuletwa Kwale kutoka Msumbiji miaka ya 1930, wakapewa jembe katika mashamba ya mkonge na miwa. Wapemba walikuja na vyombo vyao, wengine kabla ya Uhuru na wengine baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, wakatuvulia samaki Vanga, Shimoni, Kilifi hadi Lamu. Watoto wao wakazaliwa hapa. Tulioana nao, tukazikana nao. Kipande hawakupewa.

Leo hadithi hiyo imebadilika. Mwishoni mwa 2016 Wamakonde walianza kupokea vipande vyao. Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba, katika sherehe kubwa mjini Kilifi iliyohudhuriwa na Rais William Ruto. Wengi wetu tunazikumbuka siku hizo kwa ngoma, hotuba na wazee waliokishika kipande mkononi huku machozi yakiwatoka. Tunachokisahau upesi ni kazi iliyotangulia sherehe, na watu walioifanya.

Nataka niichukue kazi hiyo niipeleke mbali kidogo, hadi Butula, katika Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Msomaji wa Likoni au Malindi ataniuliza, Butula yatuhusu nini? Yatuhusu sana, na sababu nitazieleza. Hoja yangu ni moja: uraia kwenye karatasi hutolewa na serikali, lakini mtu hafiki kwenye dawati la serikali bila jirani aliyejipanga kumshika mkono. Pwani tuliwapata majirani hao. Mpakani wanahitajika kuliko mahali pengi, na huko hakuna Rais atakayekuja uwanjani kugawa vipande.

Mipaka iliyowapita watu

Barabara inayoanzia bandari yetu ya Mombasa huishia Malaba. Matrela yanayopanga foleni pale yamebeba makontena yaliyoshushwa Kilindini, na madereva wengi ni vijana wa kwetu. Barabara nyingine hupitia Kisumu na kufika Busia. Kabla hujafika mjini Busia utapita soko la Bumala, na hapo tayari umeingia Butula, nyumbani kwa Wamarachi. Hata neno bodaboda, tunalolitumia kila siku hapa Pwani, lilizaliwa katika mpaka huohuo, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba abiria na mizigo kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Basi Pwani na Busia tunashiriki jambo kubwa zaidi ya barabara. Sote ni watu ambao mpaka uliwapita wakiwa wameketi kwao.

Hapa kwetu, ukanda wa maili kumi kutoka Vanga hadi Kipini ulihesabiwa kisheria kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963. Mvuvi aliyetoka Pemba kuja Shimoni hakuwa anavuka kwenda nchi ya kigeni. Alikuwa anahama kutoka sehemu moja ya milki hadi nyingine. Ulipofika Uhuru, bahari ileile ikageuka mpaka, naye akajikuta mgeni mahali alipokuwa ameshajenga.

Kule magharibi mambo yalikuwa hayohayo. Hadi mwanzo wa karne iliyopita, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha. Ardhi ya Busia, Malaba na Butula yote ilikuwa Uganda. Mwaka wa 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa huo wakauunganisha na eneo lililokuja kuitwa Kenya. Watu hawakuhama hata hatua moja. Ndiyo maana leo Wateso na Wasamia wako pande zote mbili, wanaoana, wanazikana na kugombea urithi wa mashamba bila kuuliza jiwe la mpaka liko wapi.

Lakini serikali huuliza. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, na sasa msafiri anahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ila yote yanasimama juu ya sharti moja: uwe na kitambulisho. Asiyenacho, mpaka umefunguliwa mbele ya macho yake na bado yeye hapiti.

Watu watatu wa Butula

Wamakonde na Wapemba walikuwa jamii nzima isiyotambuliwa. Hali hiyo ilikuwa mzigo, lakini pia iliwapa nguvu, maana walikuwa na jina moja, wazee wao na kilio kimoja. Mpakani tatizo halina sura ya kabila. Limetawanyika, nyumba hii na ile. Nitatoa mifano mitatu ya hali ambazo mtu yeyote aliyeishi kule anazijua.

Wa kwanza ni mke aliyetoka Uganda. Ameolewa Butula kwa mila, mahari imelipwa, amezaa watoto wanne, anauza mboga Bumala. Katiba ya 2010, kifungu cha 15, inasema aliyeishi katika ndoa na raia wa Kenya kwa angalau miaka saba ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Wala halazimiki kuukana uraia wa Uganda, kwa sababu Katiba yetu inaruhusu uraia wa nchi mbili, na Uganda nayo iliruhusu mwaka wa 2009. Kwa maandishi, mama huyu amefunguliwa mlango. Lakini atathibitisha vipi hiyo miaka saba? Ndoa yake ilishuhudiwa na wazee na ng'ombe, si na msajili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila nazo zisajiliwe, na wanandoa wengi vijijini hawajawahi kuambiwa hivyo. Mume akifa kabla ya karatasi kupatikana, mama anabaki bila mume, bila kipande, na shemeji zake wakitaka shamba wana neno jepesi la kumwambia: rudi kwenu.

Wa pili ni binti wa Butula aliyeolewa ng'ambo, Tororo kwa mfano, kisha ndoa ikavunjika akarudi kwa baba yake na watoto. Chini ya katiba ya zamani, mwanamke Mkenya hakuweza kumpa uraia mtoto aliyezaliwa nje ya nchi kama mwanamume alivyoweza. Katiba ya 2010 ililifuta hilo. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje, na kinga hiyo inawafikia hata waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo. Kwa hivyo watoto wa binti yule ni Wakenya, tena Wakenya wa kuzaliwa, si wa kuomba. Lakini kadi yao ya kliniki ni ya Uganda, jina la baba ni la Uganda, na karani akiziona karatasi hizo huwaambia waende wakatafutiwe vitambulisho walikozaliwa.

Wa tatu ni yatima aliyelelewa na bibi. Busia ni miongoni mwa kaunti zilizopigwa vibaya na ukimwi, na kizazi kizima cha watoto kililelewa na wazee. Kijana huyu amefika miaka 18. Anaambiwa alete vitambulisho vya wazazi. Wazazi wamelala makaburini, na pengine mmoja wao hakuwahi kuwa na kipande. Bibi yake anamjua tangu siku alipozaliwa, kijiji kizima kinamjua, lakini kijiji si karatasi.

Katika hao watatu, hakuna anayeomba hisani. Wawili ni raia tayari kwa mujibu wa Katiba, na mmoja ana haki ya kuwa raia. Wanachokosa ni njia ya kutoka kwenye haki hadi kwenye kadi.

Na hasara yake si heshima tu. Bila kipande huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini hakuna M-Pesa. Huwezi kufungua akaunti, kuandikishwa hati ya shamba, kupiga kura wala kuandikwa kazi ya halali. Wavuvi wa Kipemba wanaijua habari hiyo vizuri. Miaka mingi walivua kwa leseni na majina ya watu wengine, na mwenye jina akitaka mgao mkubwa, utamshtaki wapi?

Kazi iliyofanyika kabla ya ngoma

Sasa turudi Pwani tuone njia ilichongwa vipi, maana haikushuka kutoka mbinguni.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwapa nafasi watu wasio na uraia wa nchi yoyote waliokuwa wakiishi Kenya tangu 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao, waombe kusajiliwa. Walipewa miaka mitano, baadaye muda ukaongezwa hadi Agosti 2019. Miaka ya kwanza ilipita bila jambo kubwa kutendeka. Sheria ilikuwepo, watu walikuwepo, lakini hapakuwa na kilichowaunganisha.

Walioziba pengo hilo ni wazee wa jamii zenyewe na mashirika yasiyo ya kiserikali. Haki Centre hapa Pwani, shirika la KHRC la Nairobi na UNHCR walifanya kazi isiyopendeza kwenye picha. Kazi hiyo huanza na kuhesabu: nyumba kwa nyumba, nani anaishi hapa, alizaliwa wapi, babu yake alifika mwaka gani, ana karatasi gani. Kisha huja kukusanya ushahidi, iwe ni barua ya chifu, risiti ya zamani, cheti cha kliniki au kauli ya jirani mzee. Kisha huja viapo mbele ya wakili, fomu, nakala, nauli. Baada ya hapo ndipo mtu huenda kwa mbunge, kwa kamati au kwa Rais akiwa na orodha mkononi, si kilio peke yake.

Oktoba 2016 Wamakonde walipoamua kufunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kutafuta sikio la Ikulu, walikuwa wameshajihesabu. Ndiyo sababu Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza tarehe 13 mwezi huo wapewe vipande kabla ya Desemba, maafisa walijua wa kuwaandikisha ni nani na wako wapi. Mwanzoni mwa 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba nao walipitia Bunge, na Januari 2023 wakatambuliwa kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, miezi kadhaa kabla ya sherehe ya Kilifi.

Si Pwani pekee. Washona, waliofika kutoka Zimbabwe karibu na miaka ya Uhuru na kuishi Kiambu, walitangaziwa uraia Siku ya Jamhuri ya 2020. Rais alitaja Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Kibra, shirika la Nubian Rights Forum limewafunza wenyeji kuwa wasaidizi wa kisheria, watu wa mtaani wanaojua fomu ipi huenda ofisi ipi na mtu akirudishwa afanye nini. Garissa, Haki na Sheria wamewashughulikia Wakenya waliojiandikisha kambini kama wakimbizi wakati wa njaa, kisha wakanyimwa vipande kwa sababu ya alama zao za vidole.

Ukiangalia kwa makini utaona katika visa vyote hivyo shirika halikutoa uraia, wala halina uwezo huo. Lililofanya ni kumgeuza mtu asiyeonekana akawa faili lisilokataliwa kwa urahisi. Hiyo ndiyo kazi ninayosema Butula inaihitaji.

Kwa nini tusherehekee?

Wapo wanaosema sherehe ni ubadhirifu. Kama ni haki, mpe mtu kipande chake dirishani, aende zake. Nami nakubaliana nao kwa sehemu. Haki ikigawiwa jukwaani hugeuka zawadi, na aliyepewa zawadi hutarajiwa kushukuru siku ya kura. Vipande vya Wamakonde vilikuja miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2017. Wanasiasa wetu hawakosi harusi yenye wageni wengi.

Lakini tusiitupe ngoma kwa sababu ya mpiga ngoma. Mtu aliyeitwa mgeni miaka hamsini hahitaji kadi peke yake. Anahitaji majirani wasikie. Mwalimu, chifu, mwenye duka, afisa wa polisi wa kituo cha karibu, wote wasikie siku moja kwamba huyu ni wa hapa. Sherehe huwasomesha wenyeji zaidi kuliko wageni. Ndiyo maana hata harusi na arubaini huwa hatufanyi dirishani.

Ndugu zetu waliohamia Marekani wanalijua hili. Wasomali wa Minneapolis, kwa mfano, wanapotafuta uraia kuna mashirika ya mtaani yanayowajazia fomu, yanayowafunza Kiingereza na maswali ya historia na serikali wanayoulizwa kwenye mahojiano. Kisha siku ikifika, wapya husimama pamoja ukumbini, huinua mkono wa kulia na kula kiapo, na familia zao zikipiga picha. Serikali ndiyo inayoapisha. Lakini waliomfikisha mtu pale ni majirani, na ndio wanaompikia jioni. Siku hizi uhamiaji umekuwa vita vikubwa vya siasa kule, na katika hali hiyo mashirika hayo yanahitajika zaidi, si kidogo.

Kwa hivyo swali si kama tusherehekee, bali nani mwenye sherehe. Ikiwa mwenye sherehe ni mwanasiasa, raia mpya anakuwa mgeni tena katika karamu yake mwenyewe. Ikiwa mwenye sherehe ni mtaa, anakuwa mwenyeji.

Hofu ya mpakani

Sitakuwa mkweli nisipozitaja hofu za wenyeji. Kila uchaguzi ukikaribia husikika malalamiko kwamba watu wanavukishwa mpaka kuja kupiga kura. Ipo pia hofu ya usalama, na ya vipande vya kununuliwa. Hofu hizo si za kupuuzwa. Mzee wa Butula anayeogopa kwamba kipande kitauzwa kwa asiyestahili ana haki ya kuogopa, kwa sababu rushwa katika ofisi za usajili tumeisikia sote.

Kwa miaka mingi jibu la serikali lilikuwa kuwapiga msasa watu wa mpakani na wa baadhi ya jamii, Waislamu wengi wa Pwani tukiwemo. Wenzako wanapewa kipande kwa cheti cha kuzaliwa, wewe unaambiwa umlete babu. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kuondolewa kwa ukaguzi huo wa ziada. Ni hatua njema tuliyoingojea sana. Lakini msasa ukiondolewa kwenye karatasi, bado chifu na mzee wa mtaa ndio mlango wa kwanza, na yule mke kutoka Uganda hasaidiwi na tangazo hilo hata kidogo, maana shida yake ni ndoa isiyosajiliwa.

Hapa ndipo shirika la mtaani linapowafaa hata wenye hofu. Rushwa hustawi mahali ambapo hakuna kumbukumbu, na anayejua ukweli ni karani mmoja tu na mteja wake. Mahali ambapo kijiji kina daftari la ndoa, vizazi na vifo, lililojazwa mapema na kushuhudiwa na watu wengi, mdanganyifu ana kazi ngumu kuliko mkweli. Leo mambo ni kinyume: mdanganyifu hununua njia, mkweli hurudishwa nyumbani.

Na tusisahau kwamba mlango una pande mbili. Uganda nayo ina mtihani wake. Katiba yake ya 1995 inaorodhesha jamii za asili zilizokuwepo ndani ya mipaka ya nchi hiyo tarehe 1 Februari 1926, na uraia wa kuzaliwa hufuata orodha hiyo au uraia wa mzazi. Maragoli waliohama kutoka magharibi mwa Kenya wakaenda kulima Kiryandongo hawamo katika orodha, na kwa miaka mingi wamehangaika kupata vitambulisho vya Uganda. Hao ni majirani wa Butula waliotoka upande huu. Tukimnyima mama kutoka Tororo haki yake Butula, tutakuwa na uso gani wa kuwaombea Maragoli haki yao Kiryandongo?

Kinachoweza kufanyika

Butula haianzi patupu. Lipo shirika la REEP, linalojulikana kwa kuwatetea wajane, na wasichana waliodhulumiwa. Vipo vikundi vya akina mama wa chama, misikiti na makanisa, na wahudumu wa afya wa kijiji wanaojua kila nyumba ina mimba ngapi. Mtandao wa namna hiyo ndio Haki Centre waliuhitaji Kwale na Kilifi. Yafuatayo hayahitaji sheria mpya.

Kwanza, cheti cha kuzaliwa kiwe mwanzo wa yote. Mtoto akisajiliwa ndani ya miezi sita kazi huwa nyepesi. Baada ya hapo huanza habari ya kuchelewa, ada na maelezo. Mhudumu wa afya anayefuatilia chanjo anaweza kuuliza pia cheti, na kumwelekeza mama aliyejifungulia ng'ambo.

Pili, ndoa za kimila zisajiliwe mume na mke wote wakiwa hai. Msaidizi wa kisheria mmoja, siku ya soko Bumala, akiwa na fomu na muhuri wa wakili aliyejitolea, atazuia kesi nyingi za urithi kabla hazijazaliwa.

Tatu, kuwe na dawati la msaada katika vituo vya Busia na Malaba, mahali ambapo mwananchi ataelezwa haki yake ya uraia kwa lugha anayoielewa, si bei ya forodha tu. Wafanyabiashara wadogo wa kike hupita hapo kila siku.

Nne, kuwe na siku ya kuwakaribisha raia wapya, kila mwaka, katika baraza la chifu au uwanja wa shule. Tarehe 27 Agosti, siku ambayo Katiba ilizinduliwa mwaka wa 2010, ingefaa sana. Waitwe waliopata vipande mwaka huo: wake waliosajiliwa, watoto wa mabinti waliorudi, mayatima waliofika 18. Wasomewe kifungu cha 12, kinachosema kila raia ana haki ya hati za utambulisho. Kisha chakula kiliwe. Mwanasiasa akitaka kuja, aje, akae na wengine kwenye mkeka.

Tano, na hili latuhusu sisi, waliopitia njia hiyo waitwe wakafundishe. Wamakonde na Wapemba wana ujuzi ambao hakuna chuo kinachoufundisha: jinsi ya kujihesabu, kutunza karatasi ya babu, kuandika ombi, kumfuata afisa bila kumkasirisha wala kumwogopa. Mzee wa Makongeni, Kwale, akikaa na wazee wa Butula jioni moja, atawaambia mambo ambayo semina ya hotelini haiwezi kuwaambia.

Wala tusidhani kwetu kazi imekwisha. Wapo waliokosa kuandikishwa kwa sababu walikuwa baharini au wagonjwa wakati wenzao wanahesabiwa. Wapo watoto wao wanaohitaji vyeti vya kuzaliwa. Na mwenye kipande kipya bado ana hati ya shamba na leseni ya kuvulia ya kutafuta. Katiba yenyewe inatofautisha raia wa kuzaliwa na raia wa kusajiliwa, kwani huyu wa pili anaweza kunyang'anywa uraia kwa sababu zilizotajwa katika kifungu cha 17. Sherehe imepita. Mashirika yasiondoke kwa kuwa kamera zimeondoka, na wafadhili wasifunge mkoba kwa kuwa picha imeshapigwa.

Nimalizie nilipoanzia. Jembe tuliwapa wenzetu upesi, kwa sababu kazi yao tuliihitaji. Mkonge ulikatwa, samaki walivuliwa, na kule Butula miwa na mahindi yanalimwa na mikono ambayo mingine ilizaliwa ng'ambo ya mpaka. Tumeshakula jasho lao. Kipande si sadaka tunayowapa, ni deni.

Kwa hivyo, dereva wa Mombasa utakayelala Malaba wiki hii, mama muuza mboga anayekuandalia chai alfajiri huenda ni mmoja wa hao. Ana watoto Wakenya, na hajui kwamba sheria imo upande wake. Ukimaliza chai, mwambie.